Uzi: "Tolérance" ni uvumilivu kweli? Naomba tulichambue neno hili

#1 Mkereza wa Katuba (mleta uzi)

Jambo kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Juma lililopita binti yangu alirudi na kazi ya shuleni: aeleze kwa Kiswahili maana za neno la Kifaransa tolérance katika maisha ya kila siku. Alinikuta karakana, mikono imejaa mafuta, mashine inazunguka. Nikamjibu bila hata kugeuka: "Andika uvumilivu." Akaandika, akaenda zake. Jioni nilipokaa kula bukari nikaona nimemdanganya mtoto. Mimi ni mkereza vyuma, hapa Lubumbashi watu wanatuita tourneur. Neno tolérance nalitaja kila siku ya kazi tangu ujana wangu, na kwenye mashine halijawahi kumaanisha kuvumilia. Linamaanisha nafasi.

Ngoja nieleze kwa kitu kinachoshikika. Mtu ananiletea pampu ya maji, bushi imekwisha, yaani kile kipande chenye tundu kinachoushika mhimili unapozunguka. Mchoro unataka tundu la bushi liwe milimita 25, na mhimili unaozunguka ndani yake nao uwe milimita 25. Sasa, hakuna fundi wala mashine inayokata chuma ikapata 25 kamili, na wanaochora wanalijua hilo. Kwa hiyo mchoro hauombi kamili. Tundu likiandikwa 25 H7, naambiwa lisipungue 25.000 wala lisizidi 25.021. Mhimili ukiandikwa g6, lazima uwe kati ya 24.980 na 24.993. Pigeni hesabu: uwazi unaobaki haupungui 0.007 ya milimita wala hauzidi 0.041. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko huo. Humo ndimo mafuta yanamoingia, na mhimili unazunguka miaka.

Nilipokuwa na miaka kama kumi na minne, baba yangu, naye mkereza, aliniachia mhimili mmoja niumalizie. Nilitaka kumfurahisha. Nikaukereza hadi ukaingia kwenye bushi kwa nyundo, hauchezi wala hautikisiki, nikauona mzuri kupita kiasi. Akaushika, akajaribu kuugeuza kwa vidole viwili, akasema: "Mwana, hii itashika. Kama hauachake ka nafasi, ikipata moto itashika." Kisha akaufunga kwenye mota nione mwenyewe. Dakika kumi hazikufika. Chuma kikipata joto kinavimba: mhimili wa 25 ukipata joto la nyuzi 50 kuliko bushi inayoushika, unanenepa kiasi cha 0.015. Mimi nilikuwa nimeacha sifuri. Ulilia kama mbuzi, ukatoa moshi, ukanata, na bushi mpya ikaenda.

Nafasi hiyo baba aliita jeu, kwa Kifaransa, yaani mchezo. Ikizidi, mhimili unagonga. Ikikosekana, unanata.

Hoja yangu ni hii. Neno uvumilivu linamweka mtu mmoja chini ya mzigo. Unavumilia njaa, unavumilia baridi, unavumilia jirani mwenye redio. Anayevumiliwa hafanyi lolote, kazi yote ni ya anayevumilia. Tolérance ya karakana haiko hivyo. Tundu linapanuliwa kidogo, mhimili unapunguzwa kidogo, kila upande unatoa kitu, tena kwa kipimo. Je, Kiswahili chetu kina neno la jambo hilo? Hapo ndipo nimekwama. Karibuni.

#2 Mama Meka

Papa mkereza, asante kwa uzi. Mimi sina mashine, nina meka ya kupimia unga na nina sanduku la pesa, na hayo mambo yako yote mawili yapo.

Anza na pesa. Wageni wanaosoma hapa huenda hawajui: kwetu dola ikichanika pembeni, hata kiasi cha punje ya ufuta, haipokelewi. Franga inaweza kuchakaa, ikalowa, ikabandikwa skochi katikati, ikawa rangi ya udongo, na tunaipokea bila neno. Lakini dola lazima iwe kama imetoka kiwandani leo. Mwaka juzi mama mmoja mzee alinijia na noti ya dola tano, mpasuko mdogo juu kulia. Alikuwa ameshazunguka soko zima tangu asubuhi. Noti ni halali, namba zinaonekana, picha inaonekana, na watu wanaipindua kwenye mwanga kama wanamtafutia kosa yeye mwenyewe. Niliichukua. Wabadilisha pesa wote watatu wa barabara yetu waliikataa. Ilikaa kwenye sanduku miezi minane mpaka ndugu mmoja anayevuka mpaka wa Kasumbalesa akaenda nayo. Naamini sisi wenyewe ndio tumejifunga: kila mmoja anakataa kwa sababu anajua mwenzake atakataa, na hakuna hata mmoja anayeamini kwamba noti ile ni mbovu.

Sasa meka. Mteja akinunua unga, nikijaza meka na kuitia kilemba, bado atasema, "Mama, na matabishi?" Namwongezea konzi. Gunia likitakiwa kutoa meka kumi, mimi tangu mwanzo nahesabu tisa. Sivumilii chochote hapo, sinung'uniki, nimeshaitengea nafasi. Muuzaji anayehesabu kumi kamili utamwona kila siku anagombana na watu.

#3 Nesi wa Usiku

Shikamoo Mama Meka. Umenigusa, ngoja nami niseme ya kwetu.

Kwenye dawa, tolérance ni mwili kuzoea. Mgonjwa wa saratani anayepewa morfini baada ya muda huenda akahitaji dozi kubwa zaidi ili maumivu yatulie vilevile, na hilo halimfanyi kuwa mlevi wa dawa, ndugu wa wagonjwa naomba mlielewe. Mnywaji wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, naye husema, "Mimi nina kichwa kigumu, chupa mbili hazinifanyi kitu." Ubongo wake ndio umezoea. Ini halikingwi na mazoea hayo, linaendelea kuumia kimyakimya. Nimewaona wengi wa hao "wagumu" wakija tumbo limejaa maji na macho ya manjano. Hapo kuzoea ndiko kulikowadanganya: kengele ilizimika, moto ukaendelea kuwaka.

Kuna maana nyingine ya tumbo: mtu mzima ambaye maziwa yanamharisha kwa sababu mwili wake umepunguza kile kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Hiyo sina mengi ya kusema, anywe ya mgando, mara nyingi yatampita vizuri zaidi.

Lakini lililonifanya niandike ni neno "vumilia" lenyewe. Nikiwa mwanafunzi, katika hospitali ambayo siitaji, niliwekwa zamu ya wodi ya wazazi. Mama mmoja mdogo, uzazi wa kwanza, alikuwa amechanika na ilibidi ashonwe. Mkubwa wa zamu akaanza kushona bila ganzi. Ganzi ilikuwepo. Niliiona kwenye kabati la kioo, mlango haukufungwa, hatua nne kutoka niliposimama. Mama alipopiga kelele aliambiwa, "Vumilia mama, wewe ni wa kwanza kuzaa?" Nami nikamshika mkono nikasema vilevile: vumilia, vumilia, tunamaliza. Alikuwa ananitazama mimi, si yule anayeshona. Nilisema vumilia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutembea hatua nne.

Tangu niajiriwe sijalitamka tena neno hilo wodini. Namuuliza mtu inauma wapi na kiasi gani, kisha natafuta cha kufanya. Kwa hiyo, papa mkereza, niko upande wako. Neno hili mara nyingi hutamkwa na yule asiyeumia.

#4 Kijana wa Ruashi

Wakubwa zangu, mnaongea vizuri lakini mimi naogopa mnakoelekea. Nchi hii shida yake si ukali, ni ulegevu. Polisi wa barabarani anavumiliwa, mwalimu anayeuza pointi anavumiliwa, anayejenga juu ya mfereji wa maji anavumiliwa. Mimi nataka tolérance zéro. Mkianza kuacha "nafasi", nafasi hiyo ndiyo wezi wanapoingilia.

#5 Mkereza wa Katuba

Mdogo wangu wa Ruashi, hofu yako ni ya haki, na nashukuru umeileta kwa sababu nilisahau kitu muhimu.

Kwenye droo yangu kuna chuma kinaitwa tampon. Ni kishikio chenye ncha mbili. Ncha moja ni nyembamba kidogo, hiyo lazima iingie kwenye tundu. Ncha ya pili ni nene kidogo, aghalabu imetiwa alama nyekundu, hiyo isiingie. Ukitaka kujua kama bushi ni nzuri husemi maneno mengi: ncha ya kwanza imeingia, ya pili imekataa, kazi imepita. Ya pili ikiingia, hata kwa kulazimisha kidogo, bushi inatupwa, hata kama mteja ni shemeji yako, hata kama ni saa kumi na moja jioni na umechoka.

Unaona? Nafasi bila ncha nyekundu si tolérance, huo ndio ulegevu unaoulilia wewe. Aliyechora mashine alikaa kwanza akasema: mpaka hapa mashine itafanya kazi, kuanzia hapa itaua mtu. Polisi anayechukua pesa ya dereva hakuachiwa nafasi na mtu yeyote aliyepima. Watu wamemfumbia macho kwa woga au kwa uchovu. Hilo lina msemo wake, funika kombe mwanaharamu apite, na ni jambo la tatu kabisa, tusilichanganye na haya mawili.

Lakini tolérance zéro mimi fundi siwezi kuisema. Mchoro ukija umeandikwa sifuri juu, sifuri chini, unarudi kwa mwenyewe. Kitu hicho hakikatiki.

#6 Mwalimu wa Kamalondo

Nimesoma yote kwa makini. Naongeza mambo mawili ya historia.

Kwanza, ndugu yangu, huko kufumbia macho kuna neno lake hata kwa Kifaransa. Ufaransa danguro lililoruhusiwa na serikali liliitwa maison de tolérance, nyumba ya tolérance. Sheria ya mwaka 1946 ndiyo iliyozifunga. Maana yake: tunajua ni jambo tusilolipenda, tumeamua lisishikwe, ila libaki nyuma ya pazia. Nadhani harufu ya maana hiyo haijatoka kwenye neno, na ndiyo maana mtu akiambiwa "tunakuvumilia" anasikia amedharauliwa. UNESCO walipotoa Azimio lao la Kanuni za Uvumilivu, tarehe 16 Novemba 1995, walilazimika kueleza tangu kifungu cha kwanza kwamba uvumilivu si kumpunguzia mtu kwa hisani, wala kumtazama kutoka juu. Huelezi hivyo kama watu hawaelewi vibaya.

Pili, kuhusu nafasi iliyozidi, ile inayofanya mhimili ugonge. Mji wetu ulijengwa kwa nafasi ya namna hiyo. Ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na baada ya miaka michache cité, yaani mtaa wa Waafrika, ikapangwa kando, kati ya mji wa Wazungu na cité waliacha ukanda mtupu walioita zone neutre. Walisema ni kwa ajili ya afya, mbu wasivuke. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuzurura upande wa pili. Babu yangu alikuwa mpishi huko, akivuka ukanda ule alfajiri na jioni, na alituambia mabwana zake walikuwa watu wapole, hawakuwahi kumpigia kelele. Sikatai upole wao. Lakini ukikaa mbali na mtu kiasi hicho, upole haukugharimu kitu. Mimi naona kuvumiliana kunaanza pale viwiko vinapogusana.

#7 Mswahili wa Mvita

Natoa salamu kutoka Mombasa. Fundi, umeuliza kama Kiswahili kina neno, nami nakwambia umelitamka mwenyewe mara kumi bila kujua.

Umesema mhimili. Mhimili unatokana na kuhimili, yaani kubeba uzito. Na kuhimili ni ndugu wa kustahimili na stahamala, yote yana mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, ndiko alikotoka hamali anayepakua magunia bandarini, ndiko ilikotoka himila, mimba. Kile chuma chako kinachozunguka ndani ya bushi na ule ustahimilivu tunaouhubiri ni mtu na nduguye. Hata hilo tolérance, asili yake Kilatini, nalo ni kubeba. Basi kila lugha imeanzia mzigoni.

Kisha Wabantu nao wana lao. Kuchukua, kwa wazee wetu, ni kubeba: kuchukua mzigo, kuchukua mimba. Mkichukuana mnabebana, mkichukuliana mnabebeana, kila mmoja anamchukulia mwenziwe udhaifu wake. Neno hilo haliwezi kusemwa kwa mtu mmoja. Nikisema "navumilia" nimetosha peke yangu. Nikisema "nachukuliana" utaniuliza, na nani?

Biblia ya Kiswahili imeyaweka maneno haya mawili kwenye mstari mmoja bila kuyachanganya. Waefeso 4:2: "kwa uvumilivu, mkichukuliana katika upendo." Mimi ni Mwislamu, lakini Kiswahili kizuri nakiheshimu popote kilipo. Aliyetafsiri alijua kwamba la kwanza ni la moyo wa mtu na la pili ni la watu wawili.

#8 Mwana-Agro

Naingia kidogo. Katika somo letu, mmea wenye tolérance ni ule unaoishi penye kitu kinachoua wengine: ukame, chumvi, na kwetu Katanga, shaba. Mwenye asili ya hapa anajua vile vilima ambavyo miti inakoma ghafla na kubaki majani mafupi tu. Udongo una shaba kupita kiasi. Humo unaota mmea mdogo wenye maua ya zambarau, Haumaniastrum katangense, watu wanauita ua la shaba. Unaota hata kwenye majalala ya wahenga wetu waliokuwa wakiyeyusha shaba na kuitia katika umbo la misalaba kabla Mzungu hajafika, hivyo wanaochimbua mambo ya kale wanaufuata kama kibao cha njiani.

Moshi wa tanuru la shaba la Lubumbashi, lililoanza kazi mwaka 1911, uliacha ardhi tupu upande uliokuwa ukipuliziwa. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu chetu walijaribu kuifunika kwa nyasi fupi iitwayo Microchloa kunthii. Nyasi hii inaizuia shaba mizizini, haiiachi ipande sana kwenye majani. Naleta hili kwa ajili ya Nesi. Mlevi wake ameacha sumu iingie mpaka ndani, akazima kengele. Nyasi hii imekaa kwenye sumu hiyo hiyo, na mlangoni ina mlinzi.

#9 Nesi wa Usiku

Mwana-Agro, hilo la mlinzi nitalibeba.

#10 Mkereza wa Katuba

Sikutarajia haya yote. Mzee wa Mvita, kuchukuliana ndilo neno nililokuwa nikilitafuta, na nimeshamwambia binti yangu aliongeze chini ya lile la kwanza kabla hajalipeleka daftari.

Naomba nieleze nililoliona kwa macho ili neno hilo lisibaki hewani. Katika lupango letu tuko nyumba tano, bomba moja, choo kimoja. Mama wa nyumba ya pili ana kikundi cha maombi, wanasali usiku kwa ngoma. Papa wa nyumba ya nne alikuwa mchimbaji, kifua kimeharibika, usingizi wake ni mwepesi kama wa ndege. Miaka miwili alivumilia. Namaanisha kuvumilia kwenyewe: asubuhi anasalimia, anatabasamu, anaingia ndani kukohoa. Sote tulimsifu, "Papa huyu ana moyo." Halafu usiku mmoja alitoka na panga akaipasua ngoma mbele ya watoto. Hakuna aliyejua amejaza kiasi gani, maana hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake tulikaa chini ya mwembe, nyumba zote tano. Yule mama alikuwa analia kwa ajili ya ngoma, yule papa alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Saa nzima watu walizungumzia nani alaumiwe. Kisha bibi wa nyumba ya tano akauliza swali jepesi: "Mnasalije Jumatano na mnasalije Ijumaa?" Kumbe Jumatano ni mazoezi ya nyimbo tu. Basi Jumatano wakahamia ndani bila ngoma, mwisho saa tatu. Ijumaa papa mwenyewe akasema waendelee mpaka saa sita, yeye atalala mchana wa Jumamosi, lakini ngoma ivikwe blanketi. Blanketi lilitoka kwake. Ni lile la kijivu lenye mistari, mpaka leo nikilisikia dundo lile zito la Ijumaa najua ni blanketi lake. Mama akapunguza, papa akapanua.

La mwisho ni zito, na nimesita kuliandika.

Mwaka 1992 tulikuwa tunaishi Likasi. Baba alishirikiana mashine moja na mkereza mwenzake mwenye asili ya jimbo la Kasai, huyu zamu ya asubuhi, yule ya jioni. Sisi watoto tulimwita Papa Mukubwa, na mkewe ndiye aliyenifundisha kula matembele. Mwaka huo na uliofuata watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Familia nyingi zililala wiki na miezi kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi zikisubiri treni, na watu wengi walikufa, watoto hasa. Nilikuwa mdogo lakini kuna sentensi moja naikumbuka, ilitoka kwa jirani ambaye siku zote alikuwa mpole kwao, akila kwao, akikopa kwao. Alisimama mlangoni akasema: "Tumewavumilia vya kutosha."

Ndiyo sababu jibu langu kwa binti yangu lilininyima raha. Yule jirani hakudanganya. Alikuwa amevumilia kweli, miaka yote ile, na alikuwa akiandika kila siku kwenye daftari la moyoni kama mwenye duka. Papa Mukubwa hakujua kwamba ana deni. Siku ilipofika alidaiwa lote kwa pamoja, nyumba, kazi, na mji aliozaliwa. Kwa maana alizaliwa Likasi.

#11 Mama Meka

Nimesoma mbele ya wateja nikashindwa kuwahudumia. Sisi pia tulikuwa na jirani wa hivyo, naye alikwenda. Papa mkereza, mlipata habari zao?

#12 Mwalimu wa Kamalondo

Wengine walirudi baadaye. Darasani kwangu leo nina watoto ambao babu zao walipanda treni ile, wamekaa dawati moja na wajukuu wa waliowaangalia wakiondoka. Historia hiyo nawafundisha wote kwa pamoja, polepole, na kila mwaka kuna mmoja anayekwenda kumuuliza bibi yake.

#13 Mkereza wa Katuba

Mama Meka, barua moja ilifika kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, mwaka uliofuata, baada ya hapo hakuna. Baba amefariki bila kujua.

Lakini siku ya kuondoka Papa Mukubwa alipita karakana, akamwachia baba palmer yake, kile kipimo cha kusoma sehemu ya mia ya milimita. Alisema treni itakuwa na msongamano, kitaibiwa au kitapinda, bora kikae kazini mpaka atakaporudi. Ninacho. Kiko mbele yangu ninapoandika, kwenye kisanduku chake cha mbao, kifuniko kimeandikwa herufi mbili za jina lake kwa ncha ya msumari.

Kina kasoro. Ukikifunga kabisa, mahali pa kuonyesha sifuri kinaonyesha 0.02. Kukirekebisha ni kazi ya dakika mbili, kuna ufunguo mdogo wa kugeuza pipa lake, nao umo humo kisandukuni. Nilimwambia baba mara nyingi. Alikataa. Alisema mwenyewe alikizoea hivyo, akirudi akute kama alivyokiacha. Miaka yote baba alikitumia hivyo hivyo, nami nafanya hivyo hivyo. Kila nikipima, natoa mbili.